Tuliombwa kwa Kiswahili, Tujibiwe kwa Kiswahili

Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa nne, zote kwa Kiswahili. Dada yangu alikuwa ameketi kwenye benchi la wodi ya watoto katika hospitali moja hapa Mwanza. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa amelala mapajani, vidole vimevimba hadi ngozi inang'aa. Msaidizi wa utafiti, binti mpole, alimsomea aya kwa aya: damu kiasi gani itachukuliwa, itatunzwa wapi, na kwamba hata akikataa mtoto atatibiwa vilevile. Mama yetu, aliyekuwa amefika kwa meli kutoka Nansio, akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, na huo utafiti ukiisha, majibu yake tutayapata lini?"

"Mtajulishwa, bibi."

Huu ni mwaka wa sita.

Hakuna aliyetutendea ubaya. Mtoto alipimwa, akakutwa na seli mundu, akaanza dawa, na leo yuko darasa la pili. Muuguzi mmoja alitueleza ugonjwa wenyewe vizuri kuliko kitabu chochote: chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo, ndipo maumivu yanapoanza. Mama, ambaye amevuna mpunga tangu utotoni, hakuhitaji kurudiwa. Kwa hiyo nikisikia kwamba matokeo ya utafiti ni magumu kuyaweka kwa Kiswahili, namkumbuka muuguzi yule, maana kazi hiyo anaifanya kila siku kabla ya saa nne asubuhi.

Ninachodai ni kile alichokiuliza mama. Majibu ya mtoto wetu tulipewa. Majibu ya utafiti, yaani yale yaliyoonekana baada ya damu ya watoto wengi kuwekwa pamoja, hatujawahi kuyasikia.

Na majibu ya namna hiyo yana uzito mkubwa. Katika maabara ya hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, kulikuwa na karatasi zenye matone ya damu iliyokaushwa, zilizokusanywa kutoka kwa watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi ili wapimwe VVU. Watafiti wakazitumia damu zile zile kupima seli mundu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huu bila kuumwa, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe.

Hesabu hiyo ipeleke kwenye harusi zetu. Katika harusi 25 za ukanda huu, kwa wastani moja ina bwana na bibi wote wabebaji, wazima kabisa, wanacheza muziki usiku kucha. Kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mwenye seli mundu. Dada yangu na mumewe walikuwa harusi hiyo. Taarifa kama hii ilipaswa kubandikwa kwenye kila kliniki ya wajawazito na kusomwa redioni kutoka Kirumba hadi Ukara. Mimi niliipata kwenye jarida la Kiingereza, kwa msaada wa rafiki anayesoma udaktari.

Wazee wetu walikuwa na neno mumiani, mtu anayenyonya damu za watu akaziuze. Wasomi wengi hulitaja kama ushahidi wa ujinga, nami sikubaliani nao. Mtu akija kwako na sindano, akaondoka na chupa, na asirudi tena, utamwelezaje mjukuu wako alikuwa nani? Hofu hiyo haiondoki kwa fomu kuongezwa kurasa. Inapungua pale aliyechukua damu anaporudi kusema alichokiona.

Mkoa huu unastahili kurudishiwa. Mwaka 1995 dunia nzima ilijifunza kutoka vijiji vya Mwanza kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Karibuni zaidi, wasichana 930 wa hapa walishiriki utafiti wa chanjo ya HPV, ambayo hukinga saratani ya mlango wa kizazi. Ulisaidia kuonyesha kwamba dozi moja inaweza kutosha, na tangu 2024 Tanzania inatoa dozi moja. Ni wangapi kati ya mama zao wanajua kwamba mikono ya binti zao imo katika uamuzi huo?

Naambiwa fedha za mradi huisha kabla ya hatua hii. Basi kamati za maadili, ambazo hazipitishi utafiti bila fomu ya Kiswahili, zisiufunge bila ukurasa mmoja wa majibu kwa Kiswahili. Ubandikwe wodini ilipochukuliwa damu, usomwe siku ya kliniki, upelekwe mwaloni wavuvi wanapopima samaki. Hata kama jibu ni kwamba dawa haikusaidia, waambieni watu haikusaidia.

Kliniki ya mtoto ni Jumanne ijayo. Mama amesema safari hii anapanda meli mwenyewe, na swali lake ni lile lile.