Kwenye titaniamu, kufungulia agoni zaidi sio kinga

Kuna tabia naiona sana kwa watu wanaojenga vipande vya titaniamu kwa leza na poda, kipande kikitoka na rangi ya bluu tu, dalili kwamba hewa imekigusa kikiwa cha moto, mtu anakimbilia regyuleta ya mtungi anafungulia agoni zaidi, ile gesi ya kinga isiyoungana na chuma. Mimi nasema hapo ndo anazidi kuharibu, na gesi yenyewe sio bei chee.

Kwa asiyejua, leza inayeyusha uso wa chuma inafanya kidimbwi kidogo, poda inapulizwa humo ikiwa imebebwa na gesi, nozeli (mdomo unaotoa poda na gesi) inasogea, mstari unaganda nyuma, tabaka juu ya tabaka. Gesi inabeba poda, inalinda lenzi isirukiwe na cheche, inafukuza hewa pale kwenye kidimbwi. Sawa. Ila ule mstari ulioachwa nyuma, ambao umeshaganda lakini bado una moto mkali, nani anaulinda?

Maana titaniamu haisubiri kuyeyuka ndo ianze kunyonya oksijeni. Ti-6Al-4V, aloi (mchanganyiko) ya titaniamu inayotumika kuliko zote, inayeyuka kwenye nyuzi 1,600 na kitu, lakini mafundi wa kuchomelea wanajua lazima uifunike na gesi mpaka ishuke kwenye nyuzi 400 hivi. Afu haipitishi joto vizuri, kwa hiyo ukuta ukishapanda joto linabaki palepale, sehemu ya moto inarefuka kuliko mdomo wa nozeli, na ndo maana tabaka za chini zinatoka safi huku za juu zinatoka na rangi za ajabu ajabu wakati hujagusa mpangilio wowote wa mashine.

Sasa ukifungulia gesi kwa nguvu, mkondo unavurugika. Fungua bomba mpaka mwisho juu ya ndoo uone maji yanavyovuta mapovu ya hewa mpaka chini, agoni nayo inafanya hivyohivyo, inaburuta hewa ya pembeni kuileta palepale ulipotaka kuifukuza. Na poda inatawanyika juu yake.

Kuhusu rangi ndo nabishana na watu zaidi. Wengi wanapima kwa macho: rangi ya fedha nzuri, manjano ya majani makavu bado afadhali, zambarau na bluu wasiwasi, kijivu au unga mweupe tupa. Kwenye kuchomelea mara moja hiyo inasaidia. Lakini huku kila tabaka linayeyusha lililo chini yake, na lile ganda la oksaidi (titaniamu iliyoungana na oksijeni, ndilo linaloleta hizo rangi) haliendi popote, linayeyukia ndani ya chuma. Juu panang'aa fedha, wewe unafurahi, kumbe katikati oksijeni imejaa na chuma kimekuwa kigumu halafu kinavunjika kirahisi. Kikomo cha oksijeni kwa aloi hii ni asilimia 0.20, ile safi zaidi ya vipandikizi vya mwilini 0.13, na poda yenyewe inakuja imeshabeba sehemu ya hicho kiasi. Kata kipande cha katikati kipimwe maabara, jicho halioni asilimia.

Na oksijeni ikishaingia huitoi kirahisi. Ule mchanga wa madini wa Kwale, Kenya, uliokuwa unasafirishwa kuanzia 2014 mpaka uchimbaji ukaisha mwisho wa 2024, ndani yake titaniamu imeshikana na oksijeni, na kuzitenganisha kunahitaji klorini na magnesiamu na moto wa kutosha, ndo maana sehemu kubwa ya madini ya aina hiyo duniani huishia kwenye rangi nyeupe ya kupaka. Mtu kahangaika hivyo kuitoa oksijeni, wewe unairudisha kwa uzembe wa gesi!

Pesa mimi ningeweka kwenye chemba, boksi lililofungwa na kujazwa agoni. Pale maabara ya Sandia, Marekani, walipotengeneza LENS, mfumo wao wa kujenga kwa leza na poda, miaka ya 1990, kazi ilifanyika ndani ya boksi lililojaa agoni. Norsk Titanium wa Norwei, waliotengeneza vipande vya ndege ya Boeing 787 (wao walitumia plazma, gesi yenye moto mkali sana, na waya, sio leza), nao walifanyia ndani ya chemba ya agoni. Kama kazi ni kiraka kidogo cha kurepea, haya, funga kifuniko cha gesi kinachofuata nyuma ya nozeli, punguza mwendo wa gesi, pumzika kati ya tabaka joto lishuke. Na angalia mipira ya gesi na viungo vyake kabla ya kulaumu mtungi, agoni safi ya asilimia 99.999 ikipita kwenye mpira unaovuja inafika chafu.

Naitrojeni usijaribu hata kama ni rahisi, titaniamu inaungana nayo pia. Heliamu ni nyepesi, inapaa juu kabla haijafanya kazi, na bei yake mnaijua.

Ila ukijenga chemba ya kuingia mtu, mbali na kipima oksijeni cha kazi weka kingine cha kulinda watu, na kikae chini karibu na sakafu. Agoni ni nzito kuliko hewa, haina harufu, inajaa kuanzia chini, na fundi aliyeinama kuokota spana hapati dalili yoyote kabla ya kuanguka.