Kabati la Mwenye Nyumba

Chumba nilichopanga Kisauni nilikikuta na kabati. Sikuliomba. Mlango mmoja haufungi, wa pili haufunguki, na limekula robo ya chumba. Miaka mitatu nikilinung'unikia, hadi Jumamosi mzee mwenye nyumba akaja na mkokoteni. "Mwanangu, si ulisema hulitaki?" Wallahi nililikumbatia kama mke wa baharia.

Sasa nguo ziko kitandani, mimi niko sakafuni na laptopu mapajani, natafuta riziki ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu. Na huko nako, yakhe, ni kabati lile lile. Tangu 2011 ukisakinisha Node.js, ile ya kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari, npm imo ndani, mchukuzi wa kukuletea vifurushi vya msimbo wa wengine. Huulizwi. Ni mahamri na mbaazi: umeagiza kimoja, vimekuja viwili. Anayejifunza hushukuru, maana ataanza kazi siku hiyo hiyo. Lakini wakaja wachukuzi wengine: Yarn ikaja 2016, ikaja pia pnpm, ambayo haikujazii diski nakala ya kitu kimoja kwa kila mradi, na wote wawili wako nje wanabisha hodi. Aliyekwisha shiba mbaazi atatoka kufungua?

Basi 2021 Node ikaingiziwa Corepack, dalali wa kukuletea hao walioko nje. Tukalalamika. Mzigo huu! Kila siku ni ya majaribio! Mimi nikiwa mbele ya wote. Toleo la 25 la Node, Oktoba 2025, wakaiondoa. Walitangaza miezi kabla, ila mimi matangazo husoma ya vifo tu. Nikapandisha toleo asubuhi, chai haijapoa, amri ikagoma: Corepack haipo. Dawa yake? Waisakinisha kwa npm! Yaani wamtuma mke mkubwa akakuposee mke mdogo, na nauli umpe.

Mwenzangu mmoja ananiambia nihamie Deno, ifanyayo kazi kama ya Node, ya Ryan Dahl yule yule aliyeanzisha Node. Kupanga msimbo, kuukagua, kuujaribu, vyote vimo. Nikamwambia bwana wee, hicho si chumba chenye kabati. Hicho kina kabati, kitanda, kochi, na shangazi yake mwenye nyumba kakaa juu ya kochi.

Jioni, nimechoka kutafuta soksi, nikampigia mzee. Kabati liko wapi?

"Nimempa mpangaji wa chumba cha nyuma," akasema. "Naye ameshaanza."