Imba asibaki jina tu

Mkoa wa Imbabura, kaskazini mwa Ekwado, umebeba jina la samaki. Katika Kikichwa, tawi la Kikechua linalozungumzwa na wenyeji wa milima ile, imba ni kambare mdogo asiye na magamba, na Imbabura hufasiriwa kuwa mahali anapozaliana. Ziwa San Pablo nalo wenyeji huliita Imbakucha, yaani ziwa la imba. Wanasayansi humwita Astroblepus ubidiai, na leo yumo miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Jambo hilo linanisikitisha mno, kwa sababu hapatikani kwingine duniani.

Kama jamaa zake wa milima ya Andes, ameumbwa kwa ajili ya maji yaendayo kasi. Mdomo wake ni duara la nyama linalogandamana na jiwe, na chini ya tumbo mapezi yake yameungana na kipande cha mfupa na misuli kinachoteleza mbele na nyuma. Hushika mwamba kwa mdomo, akavuta tumbo mbele, akalikaza, kisha akaachia mdomo na kuusogeza juu, na kwa mwendo huo jamaa hawa hupanda hata kuta za maporomoko. Mdomo ukiwa umebanwa, maji ya kupumulia huingia kwa tundu la juu la shavu na kutokea tundu la chini.

Mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt, aliyefika nyanda hizo mwaka 1802, aliandika kwamba mwaka 1691 mlima Imbabura ulitapika samaki hawa kwa wingi. Vyovyote tutakavyoipokea habari hiyo, inaonyesha walivyokuwa wengi.

Siku hizi imba amesalia katika chemchemi na vijito vichache vilivyotengana, akiwa amesongwa na uchafuzi, ukataji miti na samaki wageni, trauti akiwemo. Naelewa kwamba trauti humpa mfugaji kipato, lakini sisi tulioshuhudia furu wakitoweka Ziwa Victoria baada ya kuletwa sangara hatuwezi kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Trauti afugwe mbali na maji ya imba. Chemchemi zilizobaki zirudishiwe miti ya asili, zisivutwe mabomba ya kuzikausha, na kauli ya kwanza juu yake iwe ya wenyeji wanaoliita ziwa lao Imbakucha.