Iwekee Hija akiba ya miguu, si ya fedha peke yake

Hapa Pemba mtu akinuia Hija, jambo la kwanza linalozungumzwa ni fedha. Mwenye mikarafuu huutazama msimu: ukizaa vyema, sehemu ya mauzo huwekwa pembeni. Mwenye mshahara hukata kidogo kidogo kila mwezi. Watoto walioko Unguja, Dar es Salaam na Muscat huchangishana kwa ajili ya wazazi wao. Fedha zikitimia hufuata pasipoti, semina, chanjo ya homa ya uti wa mgongo na kijitabu cha dua. Yote hayo ni ya lazima na sina neno nayo. Lakini mimi ni mmoja wa wanaojiandaa, na kila nikikaa barazani nikasikiliza tunavyoizungumza safari hii, naona mwili tumeusahau. Na kwa kuusahau mwili, tumeiacha pia sehemu kubwa ya malezi ya nafsi ambayo Hija inatudai kabla hatujapanda ndege.

Hija ni mwendo. Tarehe 8 Mfungo Tatu, yaani Dhulhijja, mahujaji huelekea Mina, kiasi cha kilomita saba au nane kutoka Msikiti Mtukufu wa Makka. Siku ya pili yake ni Arafa, kama kilomita 20 kutoka Makka. Jua likizama watu wanashuka Muzdalifa, wanalala juu ya ardhi, kisha wanarudi Mina kutupa mawe. Mabasi yapo, na tangu 2010 ipo pia treni ya maeneo matukufu, ila si kila hujaji anapangiwa treni, na basi linaweza kukwama kwenye msongamano hata watu wakaamua kushuka na kutembea. Kutoka kwenye mahema hadi Jamarati, panapotupwa mawe, ni miguu, kwenda na kurudi, na hurudiwa siku kadhaa mfululizo. Tawafu ni kuizunguka Kaaba mara saba: karibu nayo mizunguko ni mifupi, lakini ukipelekwa ghorofa za juu mzunguko mmoja unaweza kukaribia kilomita nzima. Halafu mwendo wa kati ya vilima vya Safa na Marwa, mara saba, kila mara mita 450 hivi, jumla kilomita tatu na ushei. Mtu wa Wete, mji wetu huu, apige hesabu mwenyewe. Siku moja ya namna hiyo inaweza kuwa sawa na kutoka hapa mjini hadi Konde kwa miguu, na kesho yake asubuhi uamke uanze tena.

Mwenyezi Mungu ameifaradhisha Hija kwa anayeiweza njia yake. Iko wazi katika Suratu Aal-Imran, aya ya 97. Wanazuoni wanapouchambua uwezo huo hutaja masurufu, hutaja chombo, hutaja usalama wa njia, na hutaja afya ya mwili. Sisi tumelichukua la masurufu tukayapunguzia uzito mengine. Ndiyo maana kijana wa miaka 35 mwenye uwezo wa fedha anaambiwa na watu wake, "Subiri kwanza, Hija ni ya watu wazima." Anajenga nyumba, ananunua gari, anaoza watoto, na akifika miaka 70 ndipo anapofikiria kwenda, goti moja limeshakufa na kisukari kimeshaingia. Hapo atakwenda, na Mungu ni Mpole kwa waja wake. Viti vya magurudumu viko, na asiyeweza kabisa ana ruhusa ya kuhijiwa. Hakuna lawama kwa mzee wala kwa mgonjwa. Lawama naiweka juu ya desturi yetu ya kumwambia mwenye nguvu asubiri mpaka nguvu zimwishe.

Na katika Suratul Hajj, aya ya 27, Nabii Ibrahim alipoamrishwa awatangazie watu Hija, waliotajwa mwanzo katika wanaokuja ni wanaokuja kwa miguu. Ndipo wakafuata waliopanda wanyama waliokonda kwa safari. Mimi aya hiyo huniliwaza sana ninapotoka alfajiri kiza hakijakata, na barabara nzima ni yangu.

Hapa Wete tuna kundi la wanaojiandaa kwa Hija, tunatembea pamoja, na tunaanza baada ya sala ya Alfajiri. Tunashuka hadi bandarini, kisha tunakipanda tena kilima cha kurudi mjini, na kilima hicho peke yake ni darasa. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na anayejiandaa huku ana bahati asiyokuwa nayo mtu wa barabara tambarare. Asiyezoea na aanze na nusu saa kwa siku, kisha aongeze taratibu kila wiki, na Jumapili moja moja aende masafa marefu zaidi. La muhimu ni kutembea siku zinazofuatana. Mtu anaweza kwenda kilomita 12 mara moja akapumzika wiki nzima akajiona yuko tayari, ilhali kule hakuna wiki ya kupumzika. Mwaka mzima kabla ya safari si mwingi kwa aliyezoea kwenda kila mahali kwa bodaboda. Na nimeona wazi kwamba akina mama wa shamba, wanaotembea kwenda kondeni na kurudi na mzigo kichwani, wanatuacha nyuma sisi wa maofisini bila hata kuharakisha.

Viatu ni mlango wa fiqhi, yaani sheria za ibada, na wa afya kwa pamoja. Mwanamume akishahirimia, yaani akishavaa shuka mbili za ihramu na kuinuia Hija, havai soksi wala kiatu cha kufunika vifundo, kwa hiyo hakuna maana ya kufanya mazoezi mwaka mzima kwa raba nene zenye kamba, halafu siku ya Arafa ukavaa ndara mpya ulizozinunua wiki ya kuondoka. Ngozi ya kati ya kidole gumba na cha pili itachubuka siku ya kwanza, na lengelenge dogo la pale linaweza kukunyima raha ya ibada yote. Muulize shekhe wako kiatu gani kinafaa, kinunue mapema, ukivae kila siku hadi kikujue. Mwanamke ana wasaa zaidi, anaweza kuvaa viatu vya kufunika na soksi, na autumie wasaa huo. Tawafu wengi huifanya miguu mitupu juu ya marumaru. Marumaru yale hayaunguzi hata jua likiwa kali, lakini ni magumu, na kisigino ambacho hakijazoea sakafu ngumu huanza kuuma mapema.

Lipo jingine ambalo wanaume hulionea haya kulisema. Ndani ya ihramu hakuna nguo ya ndani, na mapaja yanasuguana. Mtu mnene kidogo, kwenye joto lile, huchubuka mpaka akatembea kwa kutanua miguu. Dawa yake ni mafuta mazito yasiyo na manukato yoyote. Sisi tuliolelewa na udi, asumini na mafuta mazuri lazima tuisome chupa kabla ya kuinunua, maana manukato ni katika yaliyokatazwa kwenye ihramu. Jaribu mafuta hayo hukuhuku nyumbani, ujue kama ngozi yako inayakubali.

Kuhusu joto nitasema kwa uzito, kwa sababu limeua watu. Katika Hija ya Juni 2024 kipimo kilifika nyuzi 51.8 pale Makka, na serikali ya Saudia ikatangaza vifo 1,301. Asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na kibali rasmi cha kuhiji, na walitembea masafa marefu juani bila ya kivuli wala pa kupumzikia. Kwa hiyo la kwanza ni kwenda kwa njia halali, na asikudanganye mtu na viza ya kutembea. La pili ni kufahamu kwamba joto lile si letu. Letu ni la unyevu, jasho linachuruzika na mtu anajua kwamba anatoka jasho. Kule hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mwili unaishiwa maji nawe unajihisi uko sawa. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, ni fursa nzuri ya kuuzoesha mwili. Toka na mwavuli, kunywa maji kabla ya kiu, na ujifunze kuutazama mkojo: ukiwa wa manjano iliyokoza, maji hayajatosha. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa kawaida, kwa hiyo Hija inazidi kusogea kuelekea miezi ya baridi kidogo, lakini jua la Makka halina mwezi wa kulidharau. Mwenye kisukari au presha asianze chochote kabla ya kuonana na daktari, na mwenye kisukari aikague miguu yake kila usiku, kwa sababu anaweza kuwa na jeraha asilolisikia.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Suratul Baqara, aya ya 197, inasema katika Hija hakuna maneno machafu, wala uovu, wala ubishani. Nimeisikia ikisomwa tangu skuli, lakini uzito wake nimeuona barabarani. Ukitembea na watu mwendo haulingani. Katika kundi letu yuko mwalimu mstaafu ambaye kila baada ya muda husimama, akavua ndara, akaikung'uta changarawe, akaivaa tena kwa utulivu. Asubuhi moja kijana mmoja ilimshinda. "Shikamoo mwalimu, twende basi, jua linatoka." Mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu. Na Muzdalifa utaniacha?" Kijana alinyamaza, na tokea siku ile yeye ndiye anayetembea naye nyuma. Semina inaweza kukueleza subira kwa saa tatu ukaandika kurasa nne. Kumsubiri mtu mmoja kilimani, kila siku, bila ya kuguna, ni kitu kingine.

Na lipo suala la kuombana radhi. Desturi yetu ni kwamba anayekwenda Hija huzunguka kwa jamaa na majirani akiomba msamaha, na kulipa madeni. Siku hizi ujumbe mmoja wa WhatsApp unatumwa kwa watu mia moja kwa mpigo: nisameheni nilipokosea. Siukatai kwa aliye mbali. Lakini kwa aliye kisiwani humuhumu, ninashikilia kwamba radhi iendewe kwa miguu.

Msafiri mmoja katika kundi letu, baba wa makamo, alikuwa hasemi na binamu yake wa Gando kwa miaka mingi, sababu ni mikarafuu ya mirathi. Alikusudia kwenda kwa gari siku moja, akaomba radhi, akarudi. Tukamshauri aende kwa miguu na sisi tumsindikize. Kutoka Wete hadi Gando ni kama kilomita 15. Mwanzo wa njia alikuwa akizungumza sana: miti ipi ni ya baba yake, nani alishuhudia, mpaka uko wapi. Baada ya nusu ya safari alizungumza kidogo. Tulipokaribia hakuwa akisema neno, anafuta jasho tu kwa kofia. Binamu yake tulimkuta uwanjani, amechutama anaanika karafuu kwenye jamvi, anazitawanya kwa kiganja. Aliinua kichwa akatuona, vumbi hadi magotini. Hakuuliza tumefuata nini. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na maji. "Karibuni. Kaeni kitako kwanza." Mtu aliyekuja kwa miguu kutoka Wete hasimamishwi nje. Mikarafuu ilizungumzwa baadaye, kwa sauti ya chini, na maneno aliyoyatayarisha mwenzetu tangu nyumbani hakuyatumia hata moja. Sidai kwamba mgogoro ule wa ardhi umekwisha. Wanasalimiana, wanazikana, na huyu anakwenda Hija bila ya kifundo kile moyoni.

Kwa hiyo nina ombi kwa taasisi zinazosafirisha mahujaji, za Unguja na Pemba. Mnafundisha nia, talbiya na nguzo, na baadhi yenu huweka hata mfano wa Kaaba watu waizunguke. Ongezeni matembezi, kuanzia mwezi wa kwanza mtu anapojiandikisha, wanaume na kundi lao, wanawake na kundi lao, ili mwanamke asione haya kutoka barabarani peke yake. Mjue mapema nani anachoka wapi, nani anahitaji kiti, nani atamshika mkono nani. Visiwa hivi vina vikundi vya mazoezi karibu kila mtaa. Haitakuwa tabu kupata wa kuwaongoza. Na muwafundishe watu kulala chini pia, juu ya mkeka, usiku mmoja mmoja, maana Muzdalifa hakuna godoro, na mgongo nao unataka mazoea.

Sisi wa Wete tunatoka Jumapili baada ya Alfajiri. Anayejiandaa kwa mwaka huu au kwa mwaka wowote Mungu atakaomjaalia, aje na maji yake na viatu vilevile atakavyovivaa kule. Mwendo tunaufuata wa aliye mzito zaidi.