Kuuzunguka Mnara wa Eiffel kwa Ndege Kubwa Si Mchezo wa Kitoto

Majuzi mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu kwa ujuzi wake wa simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urubani, aliniambia kwamba mtu mzima anayeketi mbele ya kompyuta na kuizungusha ndege ya abiria ya Airbus A320 kandokando ya Mnara wa Eiffel anapoteza muda wake. Kwake yeye, urubani wenye maana ni kupanga safari, kuwasha injini kwa kufuata taratibu, kupanda hadi futi 35,000, kuiachia kazi otopailoti, yaani mfumo unaoirusha ndege wenyewe, kisha kutua. Maneno hayo yameniudhi, nami siwezi kuyanyamazia, kwa sababu yanawavunja moyo wanaoanza na kwa sababu hayana ukweli.

Katika futi 35,000 ndege haina ukubwa wala mwendo unaoonekana kwa macho. Mawingu yapo mbali chini, namba kwenye skrini hazibadiliki, na mtu anaweza kuondoka kwa nusu saa akarudi akakuta kila kitu kiko vilevile. Ishushe ndege hiyohiyo hadi futi 2,000 ukiwa na mnara wa mita 330 upande wa kushoto, nawe utaanza kuelewa umeshika nini mkononi. Kwa mwendo wa kilomita 330 kwa saa, na mabawa yakiwa yamelazwa kwa nyuzi 25, duara lako linakuwa na nusukipenyo cha kilomita 1.8 hivi. Ongeza mwendo hadi kilomita 460 na duara linapanuka hadi kilomita 3.6, na mnara uliotaka kuutazama unageuka kijiti. Anayeanza huona hivyo, hutaka kuubana mzunguko, hulaza bawa hadi nyuzi 60, na hapo hujifunza jambo ambalo safari nzima ya otopailoti isingemfundisha: mzigo unaobebwa na mabawa umekuwa maradufu, na mwendo ambao chini yake mabawa hushindwa kuibeba ndege umepanda kwa asilimia 41.

Halafu kuna upepo. Waliozoea simuleta wengi huuzima wanapotalii, nami nasema wanajinyima sehemu iliyo bora kuliko zote. Weka upepo wa kilomita 40 kwa saa, kisha ujaribu kuuweka mnara katika umbali uleule kuanzia mwanzo wa duara hadi mwisho wake. Upepo ukikusukuma kutoka nyuma, mwendo wako juu ya ardhi unafika kilomita 370, na ni lazima ulaze bawa karibu nyuzi 30. Ukiugeukia na kuupokea usoni, mwendo unashuka hadi 290, na nyuzi 20 zinatosha. Kati ya pande hizo mbili mkono hautulii. Katika A320 kompyuta hukushikia pua ya ndege isishuke hadi mwinamo, yaani ulalo wa mabawa, wa nyuzi 33, na ukizidi hapo unaanza kuivuta juu mwenyewe. Katika Boeing 737 unaishika mwenyewe tangu mwanzo, huku ukikumbuka kwamba injini za jeti zilizokuwa zimepumzika huchukua sekunde kadhaa kuitikia unapozitaka. Anayelimaliza duara la namna hiyo bila kupoteza futi 100 za kimo anastahili kuitwa rubani wa simuleta, hata kama hajawahi kujaza karatasi moja ya mpango wa safari.

Aliyelimudu la Paris aende Kilimanjaro. Katika futi 21,000, juu kidogo tu ya kilele cha mita 5,895, hewa ni nyepesi kiasi kwamba kipimamwendo kikionyesha kilomita zilezile 460, ndege kwa kweli inakwenda zaidi ya kilomita 630 kwa saa, na nusukipenyo cha duara kinakaribia kilomita 7. Mkono ni uleule, mwinamo ni uleule, namba kwenye dashibodi ni ileile, ila mlima unakukimbia.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba anayeiita kazi hii ya kitoto amesahau marubani hodari waliopotea humo. Tarehe 5 Machi 1966, Boeing 707 ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ilivunjika angani karibu na Mlima Fuji baada ya kukumbwa na msukosuko mkali wa upepo upande ule upepo unakoteremkia, wakafa watu 124. Tarehe 28 Novemba 1979, ndege ya DC-10 ya Air New Zealand, iliyokuwa imewapeleka abiria kuitazama Antaktika, iligonga Mlima Erebus na kuwaua wote 257. Njia iliyowekwa katika kompyuta yake ilikuwa imebadilishwa bila marubani kuambiwa, na weupe wa theluji na mawingu ulikuwa umeuficha mteremko uliokuwa mbele yao. Watu hao walikuwa wakifanya kile tunachokifanya sisi tukiwa tumeketi salama, na nikiuzunguka mlima wowote huwakumbuka.

Nakubali kwamba anayetaka kutazama tu atafaidi zaidi kwa ndege ndogo, kama Cessna 172, inayoweza kugeuka ndani ya mita 400. Nakubali pia kwamba kiti cha nyumbani hakikukandamizi mwili unapolaza bawa, kwa hiyo hatari haikuonyi ila kwa namba. Wanaoipitisha Boeing 747 chini ya daraja la Golden Gate siwatetei: minara yake imeachana mita 1,280, nafasi juu ya maji ni mita 67 hivi, na kupita mara moja kwa mstari ulionyooka hakumfunzi mtu kitu.

Hoja kwamba ndege ya abiria hairuhusiwi kuruka chini namna hiyo juu ya Paris ni ya kweli, lakini inanisaidia mimi kuliko inavyomsaidia anayeitoa. Simuleta ndiyo mahali pekee ambapo mtu wa kawaida anaweza kuizungusha ndege ya tani 60 kando ya mnara huo bila kumhatarisha yeyote. Anayeanza leo asione haya. Awashe upepo, aache mfumo wa simuleta wa kutambua ajali ukifanya kazi, azime otopailoti, na achague mwinamo usiozidi nyuzi 30 hadi duara lake litulie.