Rangi mshipani au mwanga mtupu?

Mgonjwa wa kisukari anaweza kusoma gazeti bila shida huku mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho lake ikiharibika. Sukari ikizidi kwa miaka mingi, kuta za mishipa midogo hudhoofika. Pengine hutuna kama vichwa vya pini, pengine huvuja maji na mafuta, pengine huziba kabisa, na retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikikosa damu huotesha mishipa mipya dhaifu inayopasuka kirahisi. Hakuna maumivu. Anayeugundua mapema ugonjwa huu ni yule anayetazama ndani, na wataalamu wa macho hawajakubaliana njia ipi ya kutazama itangulie.

Njia ya zamani ilionyeshwa mwaka 1961 na Novotny na Alvis, wakiwa bado wanafunzi wa udaktari huko Indiana, Marekani. Rangi ya fluoresini hudungwa kwenye mshipa wa mkono, na baada ya sekunde 10 hadi 15 hivi huwa imefika jichoni, ambako hung'aa ikimulikwa kwa mwanga wa buluu. Daktari huona damu ikiingia, ikikwama, na zaidi ya yote ikivuja. Lakini mgonjwa huweza kupata kichefuchefu, ngozi yake hugeuka manjano kwa saa kadhaa na mkojo hubadilika rangi. Mara chache sana hutokea mzio wa kuhatarisha maisha, hivyo lazima muuguzi na dawa za dharura viwe karibu.

Njia mpya, anjiografia ya OCT, yaani kupiga picha ya mishipa ya damu kwa mashine ya OCT inayochunguza tabaka za retina kwa mwanga, haihitaji sindano. Mashine hupiga mwanga mahali pamoja mara kadhaa na kulinganisha picha. Kinachobadilika ni chembe za damu zinazotembea. Inachukua sekunde chache, na inaonyesha mishipa tabaka kwa tabaka, jambo ambalo rangi haiwezi. Mjamzito mwenye kisukari anaweza kupimwa hivyo kila anapokuja kliniki. Kwangu mimi, hiyo pekee ni sababu tosha ya kuitaka.

Ila ina upofu wake. Mvujo hauonekani, kwa kuwa mashine inafuata mwendo tu. Kivimbe cha mshipa uliotuna ambacho damu yake inakwenda polepole mno huweza kukosekana pichani. Jicho likicheza, picha inakatika, na mgonjwa ambaye kitovu cha uoni wake kimekwisha kuharibika hushindwa kulituliza. Eneo linalopigwa nalo huwa dogo, ilhali mishipa mipya mara nyingi huota mbali na katikati.

Wanaoitetea njia hii mpya husema uvimbe wa retina unaotokana na mvujo hupimika kwa OCT ya kawaida, isiyofuata mwendo wa damu, unene wa retina ukiwa shahidi. Wana haki, na kwa ufuatiliaji wa kila mwezi wa mgonjwa anayechomwa sindano za dawa jichoni sioni haja ya kumtia rangi. Bali uvimbe ukigoma kupungua, kujua umekuwa mnene kiasi gani hakutoshi. Daktari anayetaka kuziba mvujo kwa leza anahitaji kujua tundu liko wapi. Hapo ningeidai rangi.

Na kliniki ya mkoani yenye fedha za mashine moja tu ningeishauri inunue kamera ya kawaida ya retina kwanza. Vivimbe na damu iliyovuja huonekana humo, na wagonjwa wengi wa kisukari hawajawahi kupigwa hata picha hiyo moja.