Saa 6 usiku ya nani?

Ijumaa moja muhula uliopita niliamka nikakuta meseji arobaini na kitu kwenye simu, karibu zote zinaanza na "Shikamoo mwalimu". Nikajua kuna balaa. Mwanachuo hakuamkii kwa heshima saa 12 asubuhi hivihivi.

Ilikuwa asaimenti. Darasa lina watu 61, na Moodle, mfumo wa chuo wa kufundishia mtandaoni, ulikuwa umepokea kazi 9 kisha ukafunga mlango. Tangazo langu lilisema mwisho ni Ijumaa saa 6 usiku, na Ijumaa yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inakucha. Nikawajibu kwa ukali wasome maelekezo vizuri. Nilipokaa na chai nikafungua mipangilio, ndipo nikaona nilichofanya: nilichagua Ijumaa, 00:00. Kwa Moodle hiyo ni dakika ya kwanza ya Ijumaa, yaani usiku wa kuamkia Ijumaa. Kichwani mwangu ulikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Tena mfumo una tarehe mbili, ile ya mwisho, ambayo ikipita kazi bado inapokelewa na kuandikwa kuwa imechelewa, na ile ya kufunga kabisa. Zote mbili niliziweka saa ileile, nionekane mkufunzi mkali.

Nikaomba radhi, nikafungua upya. Ila tangu siku hiyo, kila nikisikia wenzangu ofisini wanaulaumu mfumo (wanafunzi wavivu, mtandao mbovu, teknolojia ya watu haitufai), nanyamaza. Nami nimeyasema hayo sana. Nikihesabu yaliyoniharibikia, mengi niliyabonyeza kwa kidole changu.

Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, mimi na wenzangu wengi hatukuwa na chochote zaidi ya magrupu ya WhatsApp. Tarehe 1 Juni vikafunguliwa, tukarudi kwenye ubao na chaki kama hapajatokea kitu. Mfumo ulitufikia baadaye: mafunzo ya siku 2, sambusa, nywila kwenye kipande cha karatasi, na agizo la kupandisha noti. Tukapandisha. Hadi leo kozi nyingi ninazoziona ni stoo ya slaidi, na uongozi ukitaka kujua nani anautumia mfumo, unahesabu mafaili.

Yangu ilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa na noti za uhasibu nilizoandika kwa mkono, nikaziskani zote, likatoka faili moja la MB 38. Wiki 3 baadaye nikaangalia ripoti, maana Moodle inakuonyesha nani kafungua nini na lini, nikakuta waliolifungua ni 14. Niliwasema darasani nusu saa nzima. Mchana wake nikamkuta binti mmoja wa darasa hilo barazani, simu kioo kimepasuka, anasoma noti zangu kwa picha. CR, yaani kiongozi wa darasa, alilishusha lile faili mara moja, akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akatupia kwenye grupu. Binti alinunua bando la siku, na bando hilo lina kazi nyingine. Basi noti zilisomwa, ila hazikusomewa kule nilikokuwa nachungulia mimi.

Kitu kimoja kinanichekesha. Aliyeitunga Moodle, Martin Dougiamas wa Australia, alikulia jangwani, mbali na shule yoyote, akasoma kwa masomo ya redio. Toleo la 1.0 alilitoa Agosti 2002, na hadi leo programu hiyo ni ya bure. Mtu aliyesoma kwa kusikiliza redio jangwani ametuachia chombo, sisi tunakijaza mafaili yanayotaka intaneti ya hotelini.

Nilichobadilisha si kikubwa. Noti nimezichapa upya, mada moja faili moja, hakuna linalofika MB 1. Pale palipohitaji maelezo nimerekodi sauti badala ya video. Dakika 8 ukizihifadhi vizuri hazifiki MB 3. Na nimewaonyesha, kwa vitendo, simu mkononi, jinsi ya kuishusha kozi kwenye programu ya Moodle ya simu wakiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba, wakasome nyumbani bila mtandao. Sehemu hiyo ilikuwepo muda wote.

Kilichonirudishia hamu ya kufundisha ni majaribio mafupi. Zamani nikitoa swali la uchakavu wa mali, yaani thamani inayopungua kila mwaka, jibu moja lilikuwa linazunguka grupu zima kabla sijafika kituo cha daladala. Sasa Moodle ina aina ya swali ambalo unaandika kanuni, namba unauachia mfumo. Mmoja anapewa mashine ya shilingi 12,000,000, itakayotumika miaka 5 na mabaki yake, yaani thamani inayobaki mwishoni, ni 2,000,000. Uchakavu wake ni 2,000,000 kwa mwaka. Wa pembeni yake anapewa swali lilelile, mashine ya bei nyingine na miaka mingine. Wiki ya kwanza walidesa kama kawaida, wakaangukia pua. Wiki ya pili CR akanionyesha grupu lao, anacheka: wameacha kurushiana majibu, wanarushiana njia. Mmoja karekodi sauti kumweleza mwenzake kwa nini mabaki yanatolewa kwanza kabla ya kugawanya. Alieleza vizuri kuniliko.

Kero haziishi. Mfumo unataka namba tupu, na sisi tumezoea kuandika 2,000,000/= kama kwenye risiti, basi wapo wanaokataliwa jibu sahihi mpaka wajifunze. Kutunga maswali 20 ya namna hiyo kulinila wikendi mbili, ambazo hakuna fomu ya kuzijaza ili zihesabike. Na WhatsApp sijaifuta wala sina mpango huo; matangazo yanapita huko kwa sababu ndiko watu waliko.

Mwisho wa kazi sasa siuweki usiku kabisa. Nauweka asubuhi, siku ambayo maabara ya kompyuta iko wazi, ili mwenye simu mbovu apate pa kukimbilia. Wiki iliyopita nikatangaza: mwisho Jumatano saa 4 asubuhi. Mfumo ukaandika wenyewe 10:00. Haikupita dakika, CR akatuma meseji.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, wanauliza, tufuate yako au ya mfumo?"